Kifaru cha Type 59 na tope la Kagera: kukiunda, kukipaka rangi na kukichakaza

Kifaru changu cha kwanza cha modeli ya plastiki nilikiona kizuri mno. Kijani kimekolea, minyororo inang'aa kama fedha, kutu ya rangi ya chungwa kila kona, na tope la kahawia nililolinunua likiwa tayari kwenye kichupa. Nikampelekea mjomba wangu, ambaye mwaka 1979 alikuwa askari kule Uganda. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akatazama chini kwenye magurudumu, kisha akaniuliza taratibu: "Mjomba, hiki kimetoka wapi?"

Nilidhani anauliza habari ya boksi. Yeye alikuwa anauliza habari ya udongo. Tope lile halikuwa la Mutukula wala la Masaka. Lilikuwa tope la Ulaya.

Tangu siku ile kila kifaru ninachounda naanza nacho kwa swali hilo, na mwongozo huu umefuata njia hiyohiyo. Nitaeleza namna ya kuunda Type 59 ya Tanzania katika kipimo cha 1:35, yaani modeli ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, tangu kukata kipande cha kwanza hadi kukiweka juu ya kibao chake. Mwenye boksi la T-54 au T-55, vifaru vya Kisovieti vinavyofanana nacho, atafuata hatua hizihizi.

Amua kwanza kimetoka wapi

Jeshi la Uganda la Idi Amin liliingia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mwishoni mwa Oktoba 1978. Majeshi ya Tanzania yaliiteka Mutukula Januari 1979, Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari, mapigano ya Lukaya yakawa tarehe 10 na 11 Machi, na Kampala ikachukuliwa tarehe 10 na 11 Aprili. Sasa chukua kalenda ya mvua uiweke juu ya kalenda hiyo ya vita. Magharibi ya Ziwa Victoria vuli huisha Desemba, na masika huanza Machi. Basi kifaru cha Februari ni cha vumbi jekundu. Kifaru cha Machi pale Lukaya, ambako barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inakatiza kinamasi cha mafunjo, kina vumbi jekundu lililoshikana chini na tope jeusi bichi juu yake. Tabaka hizo mbili, zikikaa kwa mpangilio wake, zinamweleza mtazamaji safari nzima bila maandishi yoyote.

Mimi nachagua Machi. Wewe chagua mwezi wako, lakini uchague sasa, kwa sababu kila uamuzi unaofuata utautegemea huo.

Angalia pia kwamba una kifaru sahihi. Tanzania ilikuwa na Type 59 kutoka China, pamoja na vifaru vyepesi vya Type 62. Upande wa Amin kulikuwa na Sherman na vifaru vya Kisovieti, na Walibya waliokuja kumsaidia walileta T-55. Type 59 ni nakala ya T-54A, na mtu akiitazama haraka huichanganya na T-55. Alama rahisi ni kile kikofia cha duara cha kupitishia hewa kilicho juu ya kichwa cha kifaru, upande wa kulia, mbele ya mlango wa mpakiaji risasi. Type 59 inacho, T-55 haina. Kampuni za modeli za Trumpeter na MiniArt zote zimetoa Type 59 ya 1:35. Tamiya wana T-55A nzuri sana na rahisi kuunda, inayofaa ukitaka kifaru cha upande wa pili.

Katika kipimo hiki, bodi lenye urefu wa mita 6 na kitu linakuwa sentimita 17 hivi. Ukipima pamoja na mtutu unapata karibu sentimita 26, na upana ni sentimita 9 na ushei. Mdomo wa mzinga wa milimita 100 unakuwa kitundu cha milimita 3 kasoro. Hesabu hizi zikae kichwani, maana ndizo zitakazokuambia kama chembe ya udongo ni vumbi au ni jiwe.

Vifaa

Huhitaji karakana. Unahitaji plaizi ndogo ya kukatia yenye midomo bapa, kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, kibano, msasa wa namba 400, 800 na 1000, gundi ya maji ya plastiki ile yenye brashi kwenye kifuniko, supaglu kidogo, na puti. Brashi tatu zinatosha: moja bapa, moja ya ncha, na moja kuukuu iliyochanua manyoya, ambayo usije ukaitupa. Ongeza vijiti vya meno, sponji ya kuoshea vyombo, penseli ya 2B na kipande cha kioo cha dirisha kilichosuguliwa kingo.

Rangi za akriliki ndizo bora kwa kuanzia. Kama una kompresa na brashi ya hewa, vizuri. Kama huna, brashi ya mkono inafanya kazi safi ukiwa na subira, nami vifaru vyangu vinne vya mwanzo nilivipaka kwa mkono.

Jambo moja la kuonya hapa: thina ya gereji, ile mafundi wa bodi za magari wanayochanganyia rangi, inayeyusha plastiki hii. Niliwahi kusafishia gurudumu kwa thina hiyo na likalainika vidoleni mwangu kama sabuni. Tumia thina ya kampuni iliyotengeneza rangi yako. Na popote unapofungua gundi, thina au rangi ya kupuliza, dirisha liwe wazi na barakoa iwe usoni.

Kuunda bodi na magurudumu

Osha fremu zote za plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha uziache zikauke zenyewe. Plastiki ikitoka kiwandani huwa na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Usikate kipande kwa kuigandamiza plaizi karibu nacho. Kata mbali kidogo, ubakize kishina cha milimita 1 au 2, halafu punguza kishina hicho kwa kisu na umalizie kwa msasa. Ukikata karibu mara moja, plastiki hunyofoka na kuacha shimo ambalo utalitafutia puti. Usitoe vipande vyote kwa pamoja. Toa vya hatua moja tu, kwa kufuata namba za kwenye karatasi ya maelekezo.

Gundi ya maji haipakwi kama gundi ya mbao. Kutanisha vipande viwili vikiwa vikavu, gusa mstari wa maungio kwa brashi ya gundi, nayo itakimbia yenyewe ndani ya mstari. Gundi hii huyeyusha plastiki ikaungana, kwa hiyo ikishakauka hakuna kurudi nyuma.

Sehemu inayowashinda wengi ni magurudumu. Type 59 ina magurudumu matano makubwa kila upande, na baina ya la kwanza na la pili kuna nafasi pana kuliko nyingine. Mikono inayoyashika lazima yote ikae kwenye mstari mmoja. Weka rula juu ya mikono hiyo gundi ikiwa bado laini, kisha simamisha bodi juu ya kile kioo, pachika magurudumu yote kumi bila gundi, na chungulia usawa wa meza. Ukiona mwanga unapita chini ya gurudumu, rekebisha sasa. Kifaru cha tani 36 hakiwezi kuwa na gurudumu linaloelea.

Magurudumu yenyewe usiyagundishe bado. Yachomeke kwenye vijiti vya meno, uyasugue ule mshono unaozunguka mpira, na uyaweke kando yakisubiri rangi.

Kichwa na mtutu

Mtutu ukija katika nusu mbili, usikimbilie kusugua mshono. Unganisha, bana kwa vibanio vya nguo, uuache usiku kucha, kisha uzungushe ndani ya msasa uliokunjwa kama unavyonoa penseli. Ukisugua upande mmoja tu utapata mtutu bapa. Usiharibu ile pete nene iliyo karibu na mdomo wa mtutu. Ndiyo sehemu ya kunyonya moshi baada ya risasi kutoka, na ni alama ya kizazi hiki cha mizinga.

Kichwa cha kifaru hiki kilisubuliwa kwa chuma cha moto, yaani kilimiminwa kwenye kalibu, na uso wake ni wa kukwaruza. Bodi lilitengenezwa kwa mabamba, na uso wake ni laini. Viwanda vya modeli mara nyingi huacha kote laini sawasawa. Chukua ile brashi kuukuu, paka gundi ya maji eneo la ukubwa wa kidole gumba, subiri sekunde kadhaa plastiki ilainike, kisha gonga gonga kwa ncha ya brashi. Endelea kidogo kidogo hadi umezunguka kichwa chote. Ikikauka, pitisha msasa wa 1000 kwa mkono mwepesi. Usiguse milango wala kile kikofia cha hewa. Kazi ni ya nusu saa, lakini rangi na vumbi vitakapofika hapo, mwanga utavunjika kwenye vishimo vile, na kichwa kitaonekana kina uzito wa chuma.

Minyororo

Hapa ndipo nakuomba utulie.

Vifaru vingi vina vigurudumu vidogo juu vya kubeba mnyororo. Type 59 haina. Mnyororo unatoka kwenye gurudumu la mbele, unalala juu ya migongo ya magurudumu makubwa, na kuishia kwenye sproketi ya nyuma, lile gurudumu lenye meno linalouvuta. Kwa uzito wake unainama kila penye nafasi, na unainama zaidi pale kwenye lile pengo la gurudumu la kwanza na la pili. Mnyororo ulionyooka kama mkanda wa suruali unaua kifaru chote, hata kama rangi yake ni nzuri kiasi gani.

Ukiwa na mnyororo wa plastiki wa kipande kwa kipande, kila upande una viungo karibu 90. Viunganishe kwa gundi juu ya rula ili mstari unyooke, subiri dakika 30 hadi saa moja, gundi ikiwa imeshika lakini bado inapinda. Hapo zungushia magurudumu na sproketi vilivyopachikwa bila gundi. Sukumia vipande vya sponji kati ya mnyororo na madigadi ili ulale chini kwenye magurudumu. Acha hadi kesho. Ukishakauka utauchomoa mzima pamoja na umbo lake, ukaupake rangi nje.

Ukiwa na mnyororo wa mpira wa kipande kimoja, ubandike juu ya migongo ya gurudumu la pili, la tatu na la nne kwa tone dogo la supaglu, huku ukiukandamiza kwa kijiti. Si mzuri kama ule wa vipande, lakini ukishapata tope utapendeza.

Rangi ya msingi

Kabla ya kijani, puliza praima ya kijivu au ya kahawia iliyoiva. Praima hushikisha rangi, na pia hukuonyesha kila mshono uliousahau. Kopo lishike umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya modeli, pita juu yake, malizia nje. Pita nyepesi mara tatu zinashinda pita moja nzito.

Mimi naishi Mwanza, na nimejifunza mambo mawili ya hewa ya ziwa ambayo maelekezo ya kwenye boksi hayayajui. La kwanza ni unyevu. Ukipuliza rangi au vanishi asubuhi yenye unyevu mwingi, dawa inapokauka hupoza uso wa modeli, maji ya hewani yakanasa, na rangi ikatoka na ukungu mweupe. Subiri saa tano za asubuhi jua likishakausha hewa, na siku ya mvua fanya kazi nyingine. Wa Dar es Salaam na Tanga wakati wa masika wafanye vivyo hivyo. La pili ni wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaokuja kama wingu la moshi. Wakiona taa wanaingia, na wakitua kwenye rangi mbichi hawatoki. Ukimaliza kupuliza, funika modeli kwa beseni kubwa lililoinuliwa kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite.

Kijani cha Type 59 ni kijani cha mzeituni. Ukitumia rangi za Tamiya, namba XF-62 ni mwanzo mzuri, lakini usiipake kama ilivyotoka kwenye kichupa. Kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ileile, hivyo ongeza rangi ya maziwa ya mgando, ile XF-57, kiasi cha sehemu 1 kwa sehemu 5. Paka kote. Kisha ongeza tena tone la XF-57 kwenye mchanganyiko, upulize nyuso za juu tu zinazopigwa na jua: mgongo wa injini, madigadi, paa la kichwa. Chini kubaki na rangi iliyokolea.

Kwa brashi ya mkono napendelea akriliki za maji kama za Vallejo, kwa kuwa za Tamiya hukauka upesi na brashi ikirudi mara ya pili inavuta rangi iliyopo chini. Punguza kwa maji hadi iwe na unene wa maziwa mabichi. Tabaka la kwanza litakukatisha tamaa kwa madoadoa yake. La tatu litakufurahisha. Kati ya tabaka na tabaka acha saa moja.

Mipira ya magurudumu ipake kijivu kizito chenye ukahawia, kamwe isiwe nyeusi tupu. Mnyororo upake kahawia nyeusi. Baada ya hayo paka vanishi inayong'aa kote, uache siku nzima. Mng'ao huo ni wa muda. Unasaidia stika kushika, na rangi ya kuoshea, ile nyepesi ya kujaza kona, kukimbia.

Ama stika, boksi likiwa na nyota nyekundu za jeshi la China, zibaki kwenye boksi. Nambari yoyote utakayobandika iwe ile uliyoiona kwenye picha ya wakati ule. Mimi huacha bodi tupu, na tope hukaa mahali pake.

Kuchakaza: kwanza mafuta, halafu michubuko

Hapa mpangilio ni sheria. Rangi ya chini ni ya maji, basi ya juu yake iwe ya mafuta, kwa sababu tapentaini haiondoi akriliki iliyokauka. Ukikosea unaifuta na kuanza tena bila kuharibu kijani.

Chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyoungua, kiasi cha punje ya mchele. Iyeyushe kwenye kifuniko cha soda kwa tapentaini hadi iwe kama chai ya rangi. Gusa kwa ncha ya brashi kwenye kona za milango, kuzunguka vichwa vya boliti, kwenye mistari ya kuchomelea na vitundu vya mgongo wa injini. Rangi itakimbia yenyewe. Baada ya dakika 20 chukua brashi nyingine yenye unyevu mdogo wa tapentaini, ufute iliyozidi, ukivuta kutoka juu kwenda chini kama maji ya mvua yanavyoteremka. Usimwagie modeli nzima, na zaidi usiache tapentaini ituame kwenye mikono ya magurudumu. Plastiki iliyobanwa ikilowa tapentaini inaweza kupasuka.

Michubuko nayo ipakwe kwa akili. Jiulize askari wanne wa ndani wanapanda wapi, wanashika wapi, wanakanyaga wapi. Kingo za mlango wa dereva. Ukingo wa madigadi ya mbele. Mishikio ya kichwani. Mifuniko ya masanduku ya vifaa. Chovya kipande cha sponji kwenye kahawia nyeusi, kifute kwenye karatasi hadi kibaki karibu kikavu, kisha gusa sehemu hizo tu. Kingo chache zaidi zipitishe penseli ya 2B zipate mng'ao wa chuma kilichosuguliwa na viatu.

Na kutu? Karibu hakuna. Kifaru kinachotumika kila siku, chenye wahudumu wanaokitunza, hakiotei kutu ya chungwa mbavuni kwa miezi mitatu. Pale inapokubalika ni kwenye ekzosi, ambayo katika kifaru hiki hutokea kando, juu ya madigadi ya kushoto. Hapo weka kahawia nyekundu kidogo, na juu yake masizi: unga wa makaa uliochekechwa, uusugue kwa brashi kavu kuelekea nyuma. Kulia kuna matangi bapa ya mafuta. Tone moja la kahawia lililochanganywa na vanishi ya kung'aa, likiteremka kutoka kwenye kifuniko, linatosha kuonyesha mahali dizeli ilipomwagika.

Ukimaliza, paka vanishi isiyong'aa kote. Sasa kifaru kiko tayari kusafiri.

Udongo

Nenda ukauchote. Hakuna kichupa cha dukani kitakachokupa wekundu wa barabara ya moramu ya Kagera kuliko moramu yenyewe. Aliye mbali achukue udongo mwekundu wowote ulioko karibu na kwao, aufananishe na picha. Kiganja kimoja kinatosha kwa vifaru vitano.

Kausha udongo juani, kisha ukaange kwenye kikaango kisichotumika kwa chakula kwa dakika 15 ili kuua mbegu, mayai ya wadudu na ukungu. Utwange kwenye kinu kidogo. Uchekeche mara mbili, kwanza kwa chujio la chai, halafu kwa kitambaa cha soksi nyepesi ya kike. Kumbuka hesabu ya mwanzo: chembe ya milimita 1 kwenye modeli ni jiwe la sentimita 3 na nusu kwenye barabara. Unga uliopita kwenye soksi ndio vumbi lako. Uliobaki kwenye soksi ni kokoto ndogo za tope, nao utatumika. Uliobaki kwenye chujio urudishe shambani.

Fanya hivyohivyo kwa udongo mweusi wa mtoni au wa kinamasi, uuweke kwenye chupa nyingine.

Sasa jaribu kwanza juu ya kifuniko cha plastiki. Udongo ukichanganywa na gundi hukolea, na mwekundu mzuri unaweza kugeuka rangi ya ini. Ukiona hivyo ongeza unga wa chaki nyeupe hadi ukikauka ufanane na barabara.

Anza na vumbi la Februari. Changanya unga laini mwekundu na tapentaini iwe kama uji mwepesi, paka chini ya bodi, kwenye magurudumu, ndani ya madigadi, na kidogo kwenye nyuso za juu. Ikikauka itageuka unga. Kwa brashi kavu futa mahali askari wanapokanyaga na kukaa. Vumbi libaki pembeni, kwenye kona, nyuma ya boliti. Kwenye kuta za wima chukua brashi yenye tapentaini kidogo, uvute mistari myembamba kwenda chini, isiyolingana urefu. Hiyo ni mvua ya kwanza ya Machi.

Halafu tope lililoshikana. Unga mwekundu pamoja na zile kokoto ndogo, maji, na gundi nyeupe ya mbao, unene wa ugali mwepesi. Lijaze mahali mnyororo unapolirusha: nyuma ya magurudumu, kwenye mikono, chini ya madigadi, kwenye pembe za chini za bodi kule nyuma karibu na sproketi. Ligonge kwa ile brashi kuukuu, usilipake kama siagi. Acha likauke usiku.

Mwisho tope jeusi bichi la Lukaya. Udongo mweusi na vanishi inayong'aa badala ya gundi, ili lionekane limelowa. Hili ni kidogo kuliko lile jekundu, na linakaa chini zaidi: kwenye mnyororo, nusu ya chini ya magurudumu, ukingo wa madigadi ya mbele. Chovya brashi, iweke mbele ya kijiti cha meno, vuta manyoya nyuma uyaachie. Vitone vitaruka kwenye mbavu. Jaribu kwenye karatasi kwanza, na funika kichwa kwa plastiki, maana tope la mnyororo halifiki kwa urahisi kule juu. Mahali jeusi lilipokutana na jekundu acha paonekane. Usifunike safari ya mwanzo.

Minyororo ikishapata tope, pitisha penseli ya 2B kwenye meno ya nje yanayokanyaga ardhi, kisha pachika kila kitu kwa gundi moja kwa moja.

Mizigo na kibao

Askari walioko safarini wana vitu. Turubai litengeneze kwa karatasi ya shashi iliyolowekwa gundi nyeupe na maji, ukiikunja ikiwa mbichi. Gogo la kujikwamulia matopeni, linalofungwa nyuma, lisiwe la plastiki. Kata kijiti halisi chenye unene wa milimita 6 hivi na gome lake, ukifunge kwa uzi mweusi.

Kibao kipake puti ya ukutani, mwagia udongo wako mwekundu pembeni na mweusi katikati, na puti ikiwa laini kandamiza kifaru ndani yake kisha ukinyanyue. Alama za minyororo zitabaki, kila moja na upana wa milimita 16 na nusu, na tope litakuwa limejikusanya kando zake. Nyuma ya kifaru endeleza alama hizo kwa kipande cha mnyororo kilichobaki. Ikikauka rudisha kifaru mahali palepale kwa gundi, na uzibe kwa tope bichi popote mnyororo unapoonekana umepanda juu ya ardhi. Mafunjo yanatokana na manyoya ya brashi ya zamani ya kupakia ukuta, yaliyopakwa kijani na kufumuliwa ncha.

Baada ya hapo usikishike tena kwa bodi, maana vidole hufuta vumbi na kuacha alama ya mafuta. Kinyanyue kwa kibao. Kiweke mbali na jua la dirishani na ukifunike kwa kasha la plastiki wazi, kwa sababu vumbi la sebuleni ni la kijivu na likitua juu ya lile jekundu halitoki bila kuondoka na kazi yako. Chini ya kibao mimi huandika kwa penseli mwezi, mahali, na nilikochota udongo. Cha mjomba kimeandikwa "Lukaya, Machi 1979, nyekundu ya Kyaka, nyeusi ya ukingo wa mto Kagera", nacho kiko kwake, juu ya kabati la vyombo.